TAHARIRI: KITABU KISICHO NA ISNADI

  

Ndugu Waislamu, tumeletewa swali na mzazi mmoja katika ndugu zetu wanaoishi Uingereza. Kijana wake hucheza na wenziwe mchezo ambao ndani yake kimetajwa kitabu kiitwacho Necronomicon. Kwa mujibu wa mchezo huo, kitabu hicho kiliandikwa kwa Kiarabu mjini Damascus na Mwarabu aliyerukwa na akili, na kila akisomaye naye hupungukiwa na akili yake. Mzazi anauliza mambo mawili. Je, asili ya kitabu hicho imo katika maktaba za Waislamu? Na je, nakala yake ikiingia nyumbani kuna madhara?

Tumeona tulijibu swali hili hapa, wala tusimjibu muulizaji peke yake, kwa kuwa jawabu lake linatuhusu sisi tulioko huku Pwani kuliko tunavyodhani.

Mchezo wenyewe huitwa Call of Cthulhu. Ulitungwa na Mmarekani Sandy Petersen na kutolewa mwaka 1981 na kampuni ya Chaosium ya California. Watu hukaa mezani, mmoja wao akawa msimulizi, na kila mmoja wa waliobaki akajivika mtu wa kubuni: profesa wa chuo kikuu, mwandishi wa gazeti, daktari au mpelelezi, na aghalabu zama zinazosimuliwa ni za miaka ya 1920. Msimulizi huwaeleza walipo na wanachokiona, nao husema watakalofanya, kisha dadu hutupwa ili kujua kama wamefaulu. Kila mtu wa kubuni ana alama zake za utimamu wa akili. Akikutana na jambo la kutisha, alama hupungua. Zikimalizika, mtu huyo huhesabiwa kuwa mwendawazimu wa kudumu na hutoka mikononi mwa mchezaji wake.

Kitabu kimo humo. Mchezaji akikipata, sharti mtu wake awe anaijua lugha ya nakala aliyoipata, iwe Kiarabu cha asili, au tafsiri ya Kigiriki, ya Kilatini au ya Kiingereza. Akikaa nacho majuma kwa majuma akikidurusu, hupata elimu ya miungu ya kale na maneno ya kuwaita viumbe wasioonekana, na hapohapo akili humtoka. Tena kanuni imeweka mpaka: kiwango cha juu cha akili anachoweza kuwa nacho mtu huyo ni 99 ukitoa kiasi cha elimu hiyo aliyonayo. Mwenye elimu ya 10 hawezi kuvuka 89. Mwenye 40 hawezi kuvuka 59. Atibiwe atakavyotibiwa, apumzike atakavyopumzika, mpaka ule hauvuki, kwa sababu alichokwisha kukijua hawezi kukiondoa kifuani mwake.

Tukisema kwa insafu, ni kanuni iliyotungwa kwa ustadi, na walioitunga wameiuza kwa jina la mchezo. Wao walichukua hadithi ya mtu mwingine wakaitilia hesabu.

Mtu huyo ni Howard Phillips Lovecraft, mtunzi wa hadithi za kutisha, aliyezaliwa mwaka 1890 mjini Providence, Marekani, akafia hukohuko mwaka 1937. Akiwa mtoto wa kiasi cha miaka mitano alizisoma hadithi za Alfu Lela Ulela kwa Kiingereza, akapendezwa mno na mambo ya Waarabu, na akawa anajiita Abdul Alhazred katika michezo yake. Kiarabu hakukijua. Alipokuwa mtu mzima alilikumbuka jina lile la utotoni, akalitia katika hadithi aliyoiandika mwaka 1921 kuwa ni jina la mshairi kichaa wa Kiarabu. Mwaka 1922 akamtungia mshairi huyo kitabu. Mwaka 1927 akaandika tarehe nzima ya kitabu hicho, ambayo ilichapishwa mwaka 1938, yeye akiwa keshakufa. Wasomaji walipomuuliza kwa barua, alikiri bila ya kificho kwamba mshairi na kitabu vyote viwili amevibuni yeye.

Basi jawabu la swali la kwanza limepatikana, na lau si kwa jambo moja tungeliishia hapo. Tarehe ile ya mwaka 1927 imeandikwa kwa sura ya elimu, ina miaka, miji na majina ya wanavyuoni, na sura hiyo imewahadaa watu wengi. Inafaa tuitazame kwa jicho la mtu aliyekaa mbele ya masheikh wake akafundishwa kuuliza: nani kakwambia?

Inadaiwa kwamba Alhazred alikuwa mtu wa Sana'a katika zama za Bani Umayya. Alizuru magofu ya Babil, akakaa miaka 10 peke yake katika jangwa la Rub' al-Khali, akadai kuuona mji wa Iram, kisha akahamia Damascus na kukiandika kitabu chake mnamo mwaka 730 wa Miladi. Mwaka 738, mchana kweupe, alinyakuliwa na dubwana lisiloonekana, likamla mbele ya kundi la watu walioganda kwa hofu. Na mpokezi wa habari hii ni nani? Ametajwa kwa jina: Ibn Khallikan, mwandishi wa tarjama za watu wa karne ya 12.

Ibn Khallikan ni mtu wa kweli. Alizaliwa Irbil mwaka 608 Hijria, sawa na 1211 Miladi, na akafariki Damascus mwaka 681 Hijria, sawa na 1282. Kwa hiyo ni mtu wa karne ya 13, na hilo la karne ni kosa la kwanza. Kitabu chake, Wafayatul Aayan, kimechapwa na kinapatikana, na aliweka sharti la kuwataja wale ambao mwaka wa kufa kwao unajulikana. Mtu aliyeliwa hadharani mbele ya mashahidi angelikuwa na mwaka wa kufa ulio wazi kuliko wengi. Humo hayumo. Wala hayumo katika Tarikh Dimashq ya Ibn Asakir, aliyefariki mwaka 571 Hijria, kitabu ambacho chapa yake ya Beirut ina majalada 80, na kilichokusanya wakazi na wapitaji wa mji ule kiasi cha kumchosha msomaji.

Tuseme wote wawili walisahau. Mwaka 730 na 738 ni zama za Khalifa Hisham bin Abdul Malik, aliyetawala toka mwaka 105 mpaka 125 Hijria. Imam Zuhri alikuwa hai, naye ni mtu wa karibu na baraza la Hisham. Katika zama hizo hizo Ghaylan ad-Dimashqi aliuawa kwa sababu ya kauli zake katika suala la Qadar, na mpaka leo tunazo habari zake pamoja na mijadala aliyofanyiwa. Mji uliohifadhi maneno ya mtu aliyehitilafiana na wenziwe katika suala moja la itikadi, ungemwachaje mshairi anayeabudu masanamu wa majina mapya na anayeliwa mchana kweupe, asipokewe hata na mtu mmoja dhaifu wa mapokezi? Tena kama kuna watu waliopenda visa vya ajabu, ni wale wasimulizi wa misikitini wa zama hizo. Wangelikitia chumvi mpaka leo tukawa tunakisikia.

Jina nalo linajifichua lenyewe. Neno «Abdul» si jina kamili, ni «Abdu» pamoja na herufi mbili za mwanzo wa neno linalofuata. Sisi wenyewe hapa Pwani tunamwita mtu Abduli kwa ufupi, na tumezoea, lakini kila mmoja wetu anajua kwamba nyuma yake lipo Rahman, au Karim, au Aziz. Lovecraft aliliandika «Abdul» kisha akaanza tena na «Al», basi akaweka al juu ya al, jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa nahau akilifanya hurejeshewa ubao wake. Ama «hazred» hatulijui kuwa ni neno la Waarabu.

Hata hivyo katika ule uongo mna nyuzi za kweli, na hapo ndipo hatari ya uongo wa namna hii. Lovecraft alisema jina la asili la kitabu kwa Kiarabu ni Al Azif, akalifasiri kuwa ni sauti za wadudu za usiku zinazodhaniwa kuwa ni mayowe ya mashetani. Neno hilo lipo. Alilipata katika maelezo yaliyoambatana na riwaya ya Kiingereza iitwayo Vathek, ya mwaka 1786. Ukifungua Lisanul Arab cha Ibn Mandhur utakuta kwamba «aziful jinn» ni sauti ambayo Waarabu wa jangwani waliisikia usiku katika michanga wakainasibisha na majini, na wengine wakasema ni upepo. Vivyo hivyo Iram imetajwa katika Suratul Fajr, Rub' al-Khali ipo, Damascus ipo. Muongo hodari hujenga nyumba yake kwa mawe ya watu. Lakini hata yeye aliteleza: alimfanya Olaus Wormius kuwa ndiye aliyekifasiri kitabu kwa Kilatini mwaka 1228, na huyo ni tabibu wa Denmark aliyezaliwa mwaka 1588, yaani miaka 360 baada ya kazi anayodaiwa kuifanya!

Laiti mambo yangeishia kwa mtunzi na wacheza dadu. Waliofuata ndio wenye dhima kubwa zaidi. Mwaka 1973 kilitolewa Marekani kitabu kiitwacho Al Azif, chenye herufi za kubuni zisizo za lugha yoyote, kurasa chache zikirudiwarudiwa mpaka kitabu kikajaa. Huo ulikuwa mzaha wa watu wazima. Mwaka 1977 mjini New York kikatoka kingine kwa jina la Necronomicon, mtoaji wake akijiita Simon bila ya zaidi, na mwaka 1980 kikachapwa kwa jalada jepesi la bei ndogo. Mpaka leo kinauzwa. Huyu hakusema kuwa ni hadithi, alidai ni hati ya kale iliyofasiriwa. Ndani yake mna miungu ya Sumeri na Babil, mna majina hamsini ya Marduk, mna muhuri na dua za kuwaita, na mna maelekezo ya jinsi ya kusimama na kufukiza.

Hapa tunamjibu mzazi swali lake la pili, na tunaomba atufahamu vizuri. Karatasi haidhuru, na kitabu kilichobuniwa na mtu wa Providence hakina jini aliyejificha kwenye mshono wake. Mtoto asipigwe wala asitishwe kwa kitabu kisicho na mwenyewe. Lakini kijana akiondoka mezani kwenye mchezo, akaingia chumbani mwake na nakala ya huyo aitwaye Simon, akawasha ubani na kumwita Marduk ili amtimizie haja, hapo pana jambo zito. Kitabu ni cha uongo, mwenye kuitwa ni sanamu lililokufa na watu wake, na shirki ni ya kweli. Kumwomba asiyekuwa Allah hakugeuki kuwa mzaha kwa sababu muombaji alikosea anwani. Aya ya 102 ya Suratul Baqara, inayotaja Babil hiyohiyo, mzazi aisome na mwanawe pamoja na tafsiri yake, wakae chini waielewe.

Kuhusu dadu, wanavyuoni wana maneno yao mintarafu ya nardi, na wengi wameikataza hata pasipo kamari. Hilo mzazi alitazame kwa upande wake, pamoja na saa zinazopotea na sala zinazocheleweshwa.

Sasa turudi kwetu. Tumecheka, bila shaka, kwa Wamarekani waliokiogopa kitabu ambacho hawakukiona na kukinunua kutoka kwa mtu wasiyemjua. Je, sisi tumesalimika?

Hapa Pwani kipo kitabu ambacho kila mtu amekisikia na wachache wamekifungua: Shamsul Maarif. Hiki si cha kubuniwa kama kile. Kimechapwa mara nyingi, Cairo, Beirut na kwingineko, na kimenasibishwa na Ahmad al-Buni, aliyefariki mwaka 622 Hijria, sawa na 1225 Miladi. Watu husimulia juu yake mambo yaleyale ya mchezo: akisomaye peke yake usiku hurukwa na akili, asiye na idhini akikifungua hufikwa na balaa, na kikiwekwa ndani nyumba haikaliki. Kwa hofu hiyo hakisomwi. Na kwa kuwa hakisomwi, aliyenacho huwa na haiba. Mganga akikiweka juu ya mkeka mbele ya mama mwenye mtoto mgonjwa, hahitaji kukifungua. Jalada peke yake limekwisha kufanya kazi, na mama yule atatoa fedha ya mbuzi, ya ubani na ya marashi, na atarudi kwake na hirizi ambayo hakuna aliyemsomea kilichomo.

Tumuulize mganga swali lile lile tulilomuuliza Lovecraft: nani kakwambia? Watafiti waliozilinganisha nakala za kale za mkono wamebainisha kwamba kile kitabu kikubwa kinachouzwa madukani si kazi ya al-Buni kama alivyoiacha, bali ni mkusanyo uliotungwa karne kadhaa baada yake, na baadhi ya yaliyomo ni ya watu wa baada ya zama zake. Kwa hiyo nacho kinatembea kwa jina la mtu ambaye sehemu kubwa ya maneno hayo hakuyaandika. Ama elimu yenyewe ya kutumia siri za herufi, Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 Hijria, aliizungumza katika Muqaddima na akamtaja al-Buni kwa jina, na katika mlango wa sihiri na talasimu akabainisha kwamba sharia imeviweka vyote viwili katika fungu moja la makatazo. Huyo alikuwa mtu wa Afrika Kaskazini, alikotoka al-Buni mwenyewe, na aliyajua hayo kwa karibu.

Lipo jambo ambalo tungependa kila mwenye mgonjwa nyumbani alishike. Wanavyuoni walipozungumzia ruqya, yaani kumsomea mgonjwa, waliweka masharti matatu, nayo ameyanakili Ibn Hajar katika Fathul Bari kuwa ni ya makubaliano: iwe kwa maneno ya Allah au kwa majina na sifa zake, iwe kwa Kiarabu au kwa maneno ambayo maana yake inajulikana, na iaminiwe kwamba haifanyi kazi kwa nguvu yake yenyewe, isipokuwa kwa idhini ya Allah (S.W.). Tuliangalie hilo sharti la kati. Dini imetaka maneno yanayofahamika. Katika mchezo wa Wamarekani anayefahamu ndiye anayeharibikiwa. Kwa mganga mwenye miraba ya namba na majina yasiyo ya lugha yoyote, anayefahamu anaharibu biashara. Yule wa mezani na huyu wa mkekani wamekutana mahali pamoja, wote wawili wanataka tuamini kwamba kukijua kilichoandikwa kwa Kiarabu ni hatari. Na hili wanaambiwa watu ambao watoto wao wanakwenda chuoni kila alasiri kujifunza kusoma Kiarabu!

Tumewahi kuambiwa kuwa huu ni ukali wa vijana waliosoma nje. Tunasema: anayeona tumekosea na aje na ukurasa, atufasirie.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza kwa maimamu na walimu wa vyuo jambo jepesi. Kila aliye na kitabu cha aina hiyo, cha kurithi au cha kununua, au aliye na hirizi yenye maandishi asiyoyajua, akilete kwenye darsa ya usiku wa Jumamosi baada ya Isha. Hataulizwa alikipata wapi, wala jina lake halitatajwa. Mwalimu atakisoma kwa sauti mbele ya watu na taa zikiwa zinawaka, na atafasiri kila neno lenye tafsiri. Neno likiwa ni la Qur'an, tutaambiwa ni sura gani na aya ya ngapi. Likiwa ni jina la kiumbe anayeombwa, tutaambiwa ni nani. Na likiwa halina maana katika lugha yoyote, mwalimu atasema hivyo hivyo, halina maana, kisha atafunua ukurasa wa pili.